Ninavyosoma ramani ya konea kutafuta keratokonasi

Keratokonasi ni ugonjwa unaoifanya konea, utando angavu wa mbele ya jicho, ikonde na kubenuka mfano wa koni. Kabla sijawasha mashine ya kupima umbo la konea huuliza: lenzi za machoni ulizivua lini? Lenzi laini nataka ziwe zimekaa nje wiki 1 hadi 2, ngumu wiki 3 au 4. Lenzi huikandamiza konea na kuiachia umbo lake, na ukipima mapema utapata ramani ya keratokonasi ya mwanzo katika jicho lisilo na tatizo lolote. Huuliza pia kama mtu ana mzio na hufikicha macho. Matone ya ganzi na kipimo cha presha ya jicho kinachogusa konea husubiri mpaka picha zipatikane.

Kidevu kikishatulia na paji la uso likigusa mkanda, namwambia apepese mara mbili, afumbue macho kabisa, nami napiga papo hapo. Akikodoa kwa muda machozi hukauka, na miduara ya Placido, ile ya mwanga ambayo mashine huiakisi juu ya konea, inaanza kukatikakatika kama wavu uliochanika. Kope likishuka, sehemu ya juu haisomeki. Kichwa kikiinama upande, mhimili wa astigmatizimu (konea kupinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine) nao huinama. Kila jicho napiga mara 3. Zisipokubaliana, tatizo ni upigaji, si konea.

Rangi ndizo zinazowaponza wengi. Mashine ikiachiwa ijipangie skeli kwa kila jicho, tofauti ya daiopta (kipimo cha ukali wa mpindo) 1 tu inaweza kuwaka nyekundu, rangi ya mpindo mkali. Mimi hutumia skeli isiyobadilika, hatua za daiopta 1.5, kisha natazama tarakimu: nusu ya chini ikiizidi ya juu kwa zaidi ya daiopta 1.4, au mihimili ya mpindo mkali, wa juu na wa chini, ikipishana kwa zaidi ya nyuzi 21, nashtuka.

Placido, hata hivyo, huona uso wa mbele tu, na uso huo hudanganya. Tabaka la juu kabisa la konea, epitheli, hukonda juu ya kinundu na kunenepa kukizunguka, hivyo mbele panaonekana laini wakati nyuma pameshaanza kubenuka. Ndiyo maana siridhiki bila Scheimpflug au OCT, mashine zinazopiga picha za mkato wa konea, mbele hadi nyuma. Unene wa mikromita 480 peke yake haunitishi. Wapo wenye konea nyembamba na nzima. Ninachotafuta ni mahali: penye mpindo mkali zaidi mbele, penye mwinuko wa nyuma na penye wembamba kabisa pakiangukia sehemu moja, hasa chini kuelekea upande wa sikio, hapo sina shaka kubwa tena. Vikitawanyika, narudia picha. Na kila mara nalinganisha macho mawili, maana moja kwa kawaida hutangulia.

Ufuatiliaji hufanywa kwa mashine ileile, kwani tarakimu za aina mbili za mashine hazibadilishani. Mtoto simwachi asubiri mwaka mzima; kwake ugonjwa hukimbia, namwita baada ya miezi 3.