Waliondoka Mwaka Gani? Namna ya Kuwasoma Wairani wa Ughaibuni

Ukifungua kitabu cha Mwirani anayeishi ughaibuni, tafuta kwanza mwaka ambao familia yake iliondoka nyumbani. Hofu zao, fedha walizobaki nazo, namna wanavyolitaja jina la nchi yao mbele ya wageni, hata hamu ya kurudi au kutorudi, yote yanategemea mwaka huo. Msomaji asiyeuliza huishia kuviona vitabu hivi vyote kuwa hadithi moja: mapinduzi, hijabu, kukimbia, machozi. Ukweli ni kwamba vinapishana sana, na kupishana huko ndiko kunakonifanya nivipende.

Kundi la kwanza ni la waliotangulia mapinduzi ya 1979. Chukua Funny in Farsi cha Firoozeh Dumas, kilichotoka 2003. Familia yake ilihama Abadan, mji wa kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta, ikafika Whittier, California, mwaka 1972. Baba alikuwa mhandisi wa kampuni ya taifa ya mafuta na aliwahi kusoma Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Hawakumkimbia mtu. Majirani zao Wamarekani hawakujua hata Iran iko upande gani wa dunia, kwa hiyo waliwauliza maswali ya ajabu, lakini kwa upole. Kisha tarehe 4 Novemba 1979 ubalozi wa Marekani mjini Tehran ukavamiwa, na Wamarekani 52 wakashikiliwa mateka kwa siku 444. Familia ni ileile, ila sasa kutaja Iran ni kujitafutia balaa, na baba anapoteza kazi. Kitabu kinachekesha kweli, lakini kisome ukiwa na tarehe hizo mbili mkononi: kila kisa kiulize kama ni cha kabla au cha baada ya Novemba 1979.

Kundi la pili ni la walioondoka mapinduzi yakiwa bado ya moto. Hapa mara nyingi ni wasomi na wanasiasa waliompinga Shah, mfalme wa Iran, kisha wakajikuta wanawindwa na utawala uliomrithi. Désorientale cha Négar Djavadi (2016) kinawahusu watu wa namna hiyo. Msimulizi, Kimiâ, amekaa kwenye chumba cha kungojea daktari katika hospitali moja ya Paris, na akiwa hapo anarudi nyuma vizazi kadhaa, hadi mama na mabinti zake wanapovuka milima ya Kurdistan kuingia Uturuki. Mwandishi mwenyewe alivuka milima hiyo akiwa mtoto. Riwaya imeandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo wasomaji wa Bujumbura, Goma au Lubumbashi wanaweza kuisoma kama ilivyotoka kwa mwandishi. Usiruke tanbihi zake. Zimewekwa kwa ajili ya msomaji asiyeijua historia ya Iran, na zinafanya kazi hiyo vizuri kuliko utangulizi wa kurasa ishirini.

Kundi la tatu ni la vita. Iraq ilivamia tarehe 22 Septemba 1980 na mapigano hayakukoma hadi Agosti 1988. Katika miaka hiyo wazazi walikuwa wanawaondoa watoto hata kama wao wenyewe walibaki, hasa vijana wa kiume waliokaribia umri wa jeshi. Marjane Satrapi alipelekwa Vienna mwaka 1984 akiwa na miaka 14, peke yake. Persepolis, kitabu chake cha michoro ya rangi nyeusi na nyeupe, kilitoka Ufaransa kwa juzuu nne kati ya 2000 na 2003, na wengi hukisoma nusu: wanamaliza utoto wa Tehran, wanakifunga. Uhamiaji wenyewe uko katika nusu ya pili. Huko ndiko anakojifanya Mfaransa mbele ya watu ili asiulizwe, anakolala mitaani, anakorudi nyumbani na kukuta hafai huku wala kule, kisha anaondoka tena 1994. Ukinunua toleo la Kiingereza la juzuu mbili, hakikisha umepata zote.

Wiki chache tu kabla ya vita kwisha, tarehe 3 Julai 1988, manowari ya Marekani iliitungua ndege ya abiria ya Iran iliyokuwa ikitoka Bandar Abbas kwenda Dubai. Watu wote 290 waliokuwemo walikufa. Ukikijua kisa hicho mapema, Martyr! ya Kaveh Akbar (2024) itakupiga kwa uzito wake tangu mwanzo, maana kijana anayesimuliwa alimpoteza mama katika ndege hiyo, kisha akalelewa na baba yake Indiana.

Sasa nije kwenye jozi ninayoipenda kuliko zote. Daniel Nayeri na Dina Nayeri ni kaka na dada. Mama yao, daktari wa Isfahan, aliingia Ukristo, akalazimika kukimbia na watoto wake wawili mwishoni mwa miaka ya 1980. Baba akabaki. Wakapitia Dubai, wakakaa katika kambi ya wakimbizi nchini Italia, wakaishia Oklahoma. Daniel aliandika Everything Sad Is Untrue (2020), ambamo mtoto anaisimulia familia yake darasani mbele ya wenzake wasiomwamini. Dina aliandika The Ungrateful Refugee (2019), ambacho si riwaya: kinafuata hatua kwa hatua kutoroka, kambi, kuomba hifadhi, kuzoea nchi mpya na kurudia utamaduni wa nyumbani, huku akiwahoji wakimbizi wengine.

Anza na cha Daniel. Mtoto wake anakiri kwamba kumbukumbu zake ni viraka, na anachanganya visa vya mababu na vya jana bila kuomba radhi. Kisha soma cha Dina ukiwa na karatasi yenye safu mbili, uandike kila tukio linalotokea kote kuwili: kuagana na baba, maisha ya kambini, shule ya Oklahoma. Angalia nani anakumbuka chakula, nani anakumbuka aibu, nani anamsamehe baba. Utakapofika sehemu ya kuomba hifadhi, soma polepole. Afisa anayemhoji mkimbizi anataka maelezo mafupi, yenye mpangilio wa tarehe, yasiyobadilika kati ya mahojiano ya kwanza na ya pili. Mtu aliyelelewa kusimulia kwa kuanzia kwa babu, kwa kupamba na kuzunguka kabla ya kutaja jambo lenyewe, anaonekana mwongo hata akisema kweli tupu. Vitabu viwili vya ndugu wa tumbo moja vinakuonyesha jinsi ukweli mmoja unavyoweza kuwa na sura mbili bila yeyote kudanganya. Afisa angemrudisha mmoja wao.

Mwaka usipotajwa kwa kalenda yetu, utaupata kwa hesabu ndogo. Mwaka wa Iran ni wa jua, unaanza tarehe 20 au 21 Machi. Kwa tarehe za kuanzia hapo hadi mwisho wa Desemba ongeza 621; kwa za Januari hadi Nouruz inayofuata, yaani sikukuu ya mwaka mpya wa Iran, ongeza 622. Tarehe 22 Bahman 1357, siku mapinduzi yaliposhinda, ni 11 Februari 1979. Wanaokosea huongeza 621 kila mahali na kujikuta wameyarudisha mapinduzi hadi 1978. Ukikutana na mwaka kama 2535, usishtuke: mwaka 1976 Shah aliamuru kalenda ya kifalme, ikafutwa 1978. Toa 1180, upate 1355, kisha endelea kama kawaida. Nouruz yenyewe haitamchanganya msomaji wa pwani. Ni ndugu wa Nairuzi inayoogwa Makunduchi kila Julai, isipokuwa ya Iran imefungwa na siku ambayo usiku na mchana hulingana, ilhali mwaka wa pwani ulihesabiwa siku 365 kamili na ukawa unasogea.

Adabu nazo zinahitaji ufunguo. Kuna desturi iitwayo taarof: mwenyeji anakukaribisha, unakataa, anasisitiza, unakataa tena, anasisitiza, ndipo unapokea. Hata mwenye duka ukimuuliza bei anaweza kusema si kitu, chukua tu. Unatakiwa kusisitiza, kisha ulipe. Sasa mweke mtu huyo mezani kwa Mmarekani anayeuliza mara moja tu. Mgeni anakataa kwa heshima, sahani inapita, anarudi nyumbani na njaa. Ukikuta katika riwaya mhusika anakataa kazi, lifti au fedha anazozihitaji, hesabu amekataa mara ngapi kabla hujamwita mwenye kiburi.

Chakula pia kipikwe, kisisomwe tu. Watu wanaogombea ukoko hawahitaji kuelezwa kwa nini wahusika hawa wanapigania tahdig, ila ukoko wa Wairani hutengenezwa kwa makusudi. Osha vikombe 3 vya basmati mpaka maji yatoke maangavu, loweka saa moja katika maji yenye vijiko 2 vya chumvi. Chemsha lita 2 na nusu za maji, tia mchele kwa dakika 6 hadi 8. Bonyeza punje: nje iwe laini, kiini kiwe bado kigumu kidogo. Mwaga kwenye chujio. Changanya vikombe 2 vya wali huo na vijiko 3 vya mtindi, mafuta robo kikombe na zafarani iliyolowekwa; tandaza chini ya sufuria yenye mafuta moto. Uliobaki urundike juu kama kichuguu, toboa matundu kwa mpini wa mwiko, funika. Moto wa kati dakika 10, kisha moto mdogo dakika 45, mfuniko ukiwa umefungwa kitambaa. Bila kitambaa mvuke unageuka matone, yanashuka, na ukoko unalainika. Ukichemsha kupita kiasi mwanzoni, unapata bonge. Kabla ya kupindua, chovya kitako cha sufuria katika maji baridi ili ukoko uachie.

Tahadhari moja kubwa: usidhani kila Mwirani ni Mwajemi, yaani mtu wa kabila kubwa la huko lenye lugha ya Kiajemi, wala kila Mwirani ni Mwislamu. Zoya Pirzad, katika riwaya iliyotafsiriwa kwa Kiingereza kwa jina Things We Left Unsaid, anaandika kuhusu familia ya Waarmenia wa Abadan miaka ya 1960. Gina Nahai anaandika kuhusu Wayahudi wa Tehran na Los Angeles. Kitabu cha Pirzad kina faida nyingine: kiliandikwa kwa Kiajemi, ndani ya Iran, kwa Wairani, kwa hiyo hakimwelezi mgeni chochote. Baada ya tawasifu tatu zilizoandikwa kwa ajili ya wageni, utausikia mara moja utofauti huo. Kwa sababu hiyohiyo, ukisoma Reading Lolita in Tehran cha Azar Nafisi (2003), weka kando yake Jasmine and Stars cha Fatemeh Keshavarz (2007), kinachobishana nacho waziwazi kuhusu Iran gani ioneshwe nje.

Soma pia visa viwili vya Shahnameh, utenzi wa Ferdowsi kuhusu wafalme wa kale wa Iran, uliokamilika mwaka 1010: Rostam anayemuua mwanawe Sohrab bila kumtambua, na Zal, mtoto aliyetupwa mlimani akalelewa na ndege. Tafsiri ya Dick Davis ni nzuri. Baba na mwana wasiotambuana wamejaa katika riwaya za uhamiaji, na The Last Illusion ya Porochista Khakpour (2014) imejengwa juu ya Zal.

Unapotafuta maktabani au dukani, jaribu tahajia zote: Nowruz, Noruz, Norooz; jina la mshairi Hafez au Hafiz; na lugha ya Kiajemi kama Farsi au Persian. Fedha ikitosha kitabu kimoja tu, asomaye Kifaransa anunue Désorientale, asomaye Kiingereza anunue cha Daniel Nayeri. Kwa kijana wa sekondari asiyependa kurasa ndefu, Persepolis, juzuu zote.