Leseni yangu na ile simu ya saa nane

Nilikuwa nimeinama juu ya tumbo la mama mjamzito, sikio kwenye fetoskopu, nikihesabu mapigo ya moyo wa mtoto, simu ilipoanza kutetemeka mfukoni. Ukishaanza kuhesabu huachi njiani. Nikamaliza dakika yangu, mapigo 142, nikaandika, ndipo nikatoka nje. Namba ile ile ilikuwa imepiga mara nne.

Mimi ni mkunga katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu, nje kidogo ya mji wa Arua. Nilipopokea, mtu aliyepiga aliniita kwa majina yangu yote, akasoma namba yangu ya usajili tarakimu moja moja bila kukosea. Akasema yeye ni afisa wa sheria wa Baraza la Wauguzi na Wakunga, Kampala. Kuna mama amenishtaki kwamba nilimuuzia dawa ya serikali. Kikao kimekwisha kukaa, na leseni yangu inafungwa saa kumi jioni siku hiyo hiyo.

Mtu asiyefanya kazi hii atauliza kwa nini sikukata simu. Nilisomea ukunga miaka miwili na nusu, ada ikitoka kwenye mihogo ya mama yangu na bodaboda ya kaka yangu. Bila leseni siruhusiwi kumzalisha mtu. Na shtaka lenyewe walilichagua kwa akili, kwa sababu hapa Uganda wahudumu wa afya wamewahi kukamatwa kweli kwa kuuza dawa za serikali. Nilijua sijauza hata kidonge kimoja, lakini nilianza kupekua kichwani sura za wazazi wote wa mwezi ule, nikijiuliza ni nani nimemkosea.

Kisha akampa simu mtu aliyemwita afande. Mimi nimekulia Kiswahili cha soko la Arua, cha kupatana bei na kusalimiana na Wanubi na wafanyabiashara wa kutoka upande wa Kongo. Cha huyu kilikuwa kile kingine, cha wanajeshi, ambacho wazee wetu walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani. "Wewe, usikate simu. Usiongee na mtu yeyote. Hii kesi ni ya siri." Miguu iliisha nguvu.

Walitaka shilingi 900,000, wakaziita dhamana. Nilikuwa na 400,000 kwenye simu ya pili, za ada ya mtoto. Nikazituma palepale verandani. Jina la mpokeaji lilitokea kwenye skrini kabla ya namba ya siri, na mimi sikulisoma. Kwa zilizobaki nikamwachia mwenzangu wa zamu yule mama, nikakimbilia kwa wakala ng'ambo ya barabara kumwomba anikopeshe, simu ikiwa sikioni muda wote.

Wakala ni kijana mdogo, dada yake alijifungulia mikononi mwangu. Aliingiza namba, akatulia, akanigeuzia simu yake nione. Lilikuwa jina la mtu. "Sista, huyu ndiye ofisi ya Kampala?" aliuliza kwa sauti ya chini. Nikalitazama lile jina. Ule mstari "usiongee na mtu" ukanirudia, nikaelewa kazi yake. Nilikata simu. Walipiga tena na tena, sikupokea.

Niliporudi, mtoto alikuwa amekwisha zaliwa, wa kike, analia vizuri. Mwenzangu alimpokea peke yake. Pesa ziliniuma, lakini hili bado linaniuma zaidi: nilimwacha mama akiwa kwenye uchungu kwa ajili ya sauti ya mtu nisiyemjua.

Inchaji wetu, yaani mkuu wa kituo, hakunigombeza. Alinikalisha, akatafuta namba kwenye tovuti ya baraza lenyewe, tukapiga kutoka simu yake. Hakukuwa na shtaka lolote. Tukaelezwa kwamba malalamiko huwekwa kwa maandishi, mkunga huitwa akajieleza, na malipo ya baraza hupitia namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hayaendi kwenye simu ya mtu binafsi. Kampuni ya simu nayo ilipokea taarifa yangu, ila pesa zilikuwa zimeshatolewa. Polisi wakaniandikia, wakanipa namba ya SD, yaani ya kitabu cha taarifa cha kituo cha polisi, na askari akanieleza kwamba udanganyifu wa aina hii umetajwa katika Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Zile 400,000 sijaziona hadi leo.

Lililonisumbua usiku ni jinsi walivyopata namba yangu ya usajili. Jibu lilikuwa kwenye simu yangu. Miezi michache nyuma, katika kundi la WhatsApp la kazi za wauguzi, mtu alitangaza kliniki inatafuta mkunga wa muda. Nilipiga leseni picha nikaituma kwenye kundi, mbele ya mamia ya watu. Jina, namba, kila kitu. Wenzangu, anayeijua namba ya leseni yako amewahi tu kuiona mahali. Hajathibitisha kwamba ametoka barazani.

Asubuhi iliyofuata, kwenye makabidhiano ya zamu, nilisimama nikawasimulia wote, hata kiasi nilichotuma. Sauti ilitetemeka. Wengine walishika vinywa, wengine waliuliza maswali. Muuguzi mmoja, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, hakusema neno.

Saa sita alinifuata chumba cha dawa, akafunga mlango. "Mdogo wangu, mimi nilitoa laki sita. Mwaka jana. Mzee wangu nyumbani hajui." Alikuwa ameihifadhi ile namba kwenye simu yake muda wote huo. Tukaweka simu zetu mbili mezani, tukalinganisha. Namba zilikuwa tofauti, lakini jina la mpokeaji lilikuwa lile lile.

Zamu ilipoisha tulipanda bodaboda moja mpaka polisi, na yule askari akafungua tena kitabu chake.