Ukiniuliza kazi, niko serikalini

Mimi ni afisa tabibu kwenye kituo cha afya hapa Dodoma. Mtaani sote tunaitwa dokta, na neno hilo likishatajwa mezani, ujue chakula umekula.

Jumamosi moja tulikuwa mnadani Msalato. Mbuzi ameshakatwakatwa kwenye sinia, pilipili na ndimu pembeni. Shemeji wa rafiki yangu akasikia nikiitwa dokta. Hata salamu hatujamaliza, akapandisha suruali, akaweka mguu kwenye benchi, akafungua kitambaa. Kidonda juu ya kifundo, kingo zimekakamaa, harufu nayo imeanza. "Dokta, nitajie dawa tu, nitapitia duka la dawa." Kina muda gani? "Toka kabla ya Ramadhani." Pale sina kipimo cha sukari, sijui ameshameza nini, na nikitaja antibayotiki atanunua nusu dozi. Nikamwambia, Jumatatu asubuhi kapime sukari kabla hujanywa chai. Akaona nimemnyima.

Watu husema tunaringa. Wanaoringa wapo, sikatai. Kwangu kubwa ni siri za watu. Harusini unaweza kukaa meza moja na wagonjwa wako wawili, hakuna anayejua ya mwenzake. Mmoja akianza, "Dokta, zile dawa ulizonipa...", meza nzima inamgeukia. Halafu kuna wale wa kukuvuta pembeni: fulani nilimwona kwenye foleni yenu, kwani anaumwa nini?

Niliwahi kujiita mwalimu. Nikaulizwa kwa nini mtoto wa mtu kafeli hesabu.

Mji wenyewe ndio ulionipa jibu. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia huku kweli, watumishi wamejaa kila kona. Ukisema "niko serikalini", mtu anadhani niko Mtumba, kwenye ofisi za wizara, anaitikia, mnaendelea na nyama. Wala si uongo, mshahara wangu unatoka hukohuko. Kero yake ni kuombwa uhamisho na viwanja, lakini ukimjibu mtu "sina uwezo huo, kaka", figo zake haziharibiki.

Kwa majirani mbinu hiyo haifui dafu. Mama wa nyumba ya pili akibisha hodi usiku na mtoto mwenye homa, natoka. Kama mtoto kalegea, hanyonyi, au anatapika kila anachopewa, sihangaiki na dawa za nyumbani, naita bodaboda twende kituoni usiku huohuo. Hata abiria akianguka kwenye basi nanyanyuka bila kuulizwa kazi.

Kwa maswali mengine, ya presha, ya mgongo, ya picha za vipele kwenye simu, namwambia mtu aje asubuhi na dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwemo. Wengi hawaji. Wanaokuja, nusu yao wana kitu ambacho nisingekiona kwenye picha.