Chuma kinachokula umeme

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimeshikwa na Waebrania 12, pale mwanzo tunapoambiwa tuweke kando kila mzigo mzito, ila naomba nianzie baharini maana kuna habari nimeisoma tangu Jumanne haijanitoka kichwani.

Tarehe 23 Januari 1960, Jacques Piccard wa Uswisi na Don Walsh, luteni wa jeshi la majini la Marekani aliyekuwa na miaka 28 tu, walishuka mpaka chini kabisa kwenye shimo lenye kina kuliko yote baharini, kule Pasifiki karibu na kisiwa cha Guam. Karibu mita elfu 11. Chombo chao kiliitwa Trieste na wao walikaa ndani ya tufe la chuma, nafasi ya kama mita 2 hivi, baridi, vyombo vimejaa kila upande. Huko chini maji yanakandamiza zaidi ya tani moja kwenye kila sentimita ya mraba, yaani chukua gari dogo zima uliweke juu ya ukucha wa kidole gumba. Walishuka karibu masaa matano, na wakiwa wameshapita mita elfu 9 wakasikia mlio mkubwa chombo kizima kikatikisika, wakakagua vipimo, wakaona bado wako salama, wakaendelea kushuka. Walipofika chini ndo wakaona kioo cha kwenye njia ya kuingilia kimepata ufa. Wakakaa kama dakika 20 wakaanza kupanda.

Sasa hapo kwenye kupanda ndo mimi nilipobaki.

Aliyekibuni ni baba yake Jacques, profesa Auguste Piccard, ambaye mwaka 1931 alishapanda angani kwa puto zaidi ya mita elfu 15, na hiki chombo ni puto lile lile ila la baharini. Juu ya tufe kuna tangi kubwa limejaa petroli, si ya kuendeshea injini, ni kwa sababu petroli ni nyepesi kuliko maji kwahiyo muda wote inataka kwenda juu. Halafu kuna tani kadhaa za chembe za chuma, ndogo ndogo kama mtama, ndo uzito wenyewe. Na zile chembe zimeshikwa na sumaku ya umeme. Ukizima umeme zinamwagika zenyewe na chombo kinapanda. Hata betri zikifa kule gizani, chuma kinadondoka, unarudi juu.

Yaani wapendwa, kuachia hakukuhitaji nguvu yoyote, kilichokuwa kinakula umeme ni kushika.

Niliposoma hapo nikaiweka simu chini. Mimi na kaka yangu hatujaongea mwaka wa nne huu, ni mambo ya mpaka wa shamba aliloacha baba, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa naomba nikisema Bwana nipe nguvu za kusamehe, nipe nguvu. Kumbe nguvu ninazo na zote zinaishia kwenye kushikilia. Usiku nakumbuka alichosema siku ya kikao, neno kwa neno, nakirudia nisije nikakisahau. Zaburi 139 inasema hata ukifika kuzimu Mungu yupo, na mimi naamini ndiye aliyekuwa ananivuta kwenda juu muda wote huu kama ile petroli, chuma kilikuwa changu.

Don Walsh alifariki Novemba 2023 akiwa na miaka 92. Mwaka 2020 mwanae naye alishuka kwenye shimo lile lile, na nilivyosoma hivyo nikawawaza watoto wetu, wangu na wa kaka, ambao hata salamu hawapeani.

Jana jioni nimempigia. Simu imeita mpaka ikakata. Leo baada ya ibada nampigia tena, naombeni mniombee.