Siku moja ya fundi wa sauti, Busia

Saa kumi na mbili asubuhi niko sakafuni nafuta vumbi kwenye spika. Nakodisha vyombo vya muziki hapa Busia, upande wa Uganda: spika mbili, mikisa, maiki nne, na nyaya ambazo kila wiki hupungua sijui huenda wapi. Usiku kuna pambano la kuchana, yaani kurap, mkongwe dhidi ya chipukizi. Raundi tatu, bila biti, mdundo hakuna. Bila biti fundi huna pa kujificha. Maiki ikikoroma, ukumbi mzima unageuka kukutazama wewe.

Saa mbili nilipanda boda kwenda mpakani kutafuta betri. Kwenye foleni ya malori nikamkuta chipukizi mwenyewe, ndoo ya mayai ya kuchemsha mkononi, akiwaita madereva walioko juu. Sauti yake ilipita injini zote.

"Kaka, usiku uniongezee maiki."

"Wewe? Wewe nitakupunguza."

Saa sita, kikomando: chapati na maharage. Maharage yalikuwa machache.

Saa tisa nikaanza kufunga vyombo. Mkongwe tayari alikuwa amefika. Huyu alianza miaka ya 1990, enzi za kundi la Bataka Squad, watu walipokuwa bado wanacheka kusikia rapu ya Kiganda. Siku hizi sauti imepungua, ila maiki anaijua: anaishika chini kidogo ya sponji, na akifika kwenye "p" anaisogeza pembeni ya mdomo isipige mshindo. Alijaribu "moja, mbili" taratibu, kama anamnong'oneza mkewe.

Vijana pale mlangoni walikuwa wakibishana kwamba haya mambo yalianzia Harlem, 1981, rapa Kool Moe Dee alipomvua nguo kwa mistari rapa mwenzake Busy Bee mbele za watu. Sawa, ya Marekani ni ya Marekani. Lakini mshairi Muyaka wa Mombasa, aliyefariki 1840, alikuwa akirushiana mashairi na watu wa Lamu, tena ya kuuma. Niliwaambia. Mmoja akauliza Muyaka ana wafuasi wangapi.

Saa mbili usiku wakaanza. Chipukizi:

"Kaseti zako leo ni utepe wa kufukuzia ndege shambani,
mashabiki wako ni mtama, mzee. Hapa mjini unamwimbia nani?"

Mkongwe akatabasamu, akajibu polepole, na raundi hiyo kwangu ilikuwa yake.

Raundi ya pili stima ikakatika. Mwandaaji alikuwa ameniapia kwamba jenereta ina petroli. Nikavuta kamba mara nne, ikakohoa, ikanyamaza. Chipukizi alikuwa katikati ya mstari na hakusita hata kidogo. Alipanda kwenye benchi, watu wakawasha tochi za simu, akaendelea kwa sauti ileile ya asubuhi, kana kwamba sisi sote tuko juu kwenye malori. Zamu ya mkongwe ilipofika, nilisimama hatua tatu kutoka kwake na mistari ilikuwa mizito, mizito kweli. Nyuma walikuwa wanapiga kelele: "Sauti! Sauti!" Niliona aibu kama vile koo ni langu.

Stima ilirudi raundi ya tatu, naye akashika maiki yake chini ya sponji:

"Unawika na ganda bado limekung'ang'ania kisogoni,
mayai unayochemsha ni wadogo zako, huoni?"

Benchi moja lilivunjika kwa shangwe. Majaji hata hivyo walimpa chipukizi, wawili kwa mmoja. Mimi ningempa mkongwe, lakini mimi nilikuwa karibu.

Saa tano nakunja nyaya. Mwandaaji amelipa nusu, nyingine "kesho". Chipukizi akavuta ndoo yake kutoka chini ya jukwaa, yamebaki mayai manne. Mkongwe akayanunua yote, akatoa noti ya Kenya, na kijana hakuwa na chenji.

"Kaa nayo," mkongwe akasema, huku akimenya la kwanza. "Chumvi je?"