Banjo ya sufuria: ngozi imekubali kukaa

Mvua imepiga Isevya usiku kucha. Asubuhi nimeitungua ukutani banjo ninayoiunda, ala ya nyuzi yenye tumbo la sufuria lililowambwa ngozi, nikawasha programu ya kutyuni kwenye simu: uzi wa noti ya G bado ni G! Imeshuka unywele tu. Nimepiga kelele mpaka jirani akauliza kuna msiba gani.

Shingo ya mninga haikunisumbua. Kilichonitoa jasho ni ngozi ya mbuzi. Mwezi wa tisa, jua la Tabora likiwaka, ilikazika ikawa inalia kama kengele. Mvua za Novemba zilipoanza ikalala kama chapati, kidaraja kinachoinua nyuzi juu ya ngozi kikazama, nyuzi zikalalia shingo. Nikawamba upya. Ya pili niliikausha juu ya jiko la mkaa kwa pupa, ikapasuka saa nane usiku. Ya tatu ikalegea vilevile. Kwa hasira nikawamba picha ya eksirei ya goti langu: haijali mvua, ila sauti ni ya bati la choo. Viwanda vilianza kuleta ngozi za plastiki mwishoni mwa miaka ya 1950, na sasa najua kwa nini. Mimi sitaki.

Kosa lilikuwa misumari niliyoishikizia ngozi. Ngozi ya misumari ikishalegea, huna pa kuishika. Mzee anayetengeneza baiskeli pale kona akaigeuzageuza banjo, akasema, "Mwanangu, hili si gurudumu tu? Tia spoku."

Basi spoku 16. Kichwa kimepindwa ndoano, kinavuta pete ya nondo ya milimita 6 iliyokalia ngozi. Chini nipeli, ile nati ndogo ya spoku, inakaza. Kaza moja, kisha ya mkabala wake, robo mzunguko tu. Ukizifuata kwa mstari pete inakwenda upande, nami nilipoteza Jumapili nzima kwa hilo. Na plaizi weka mbali, inamenya nipeli. Nunua spana ya spoku, ni kitu kidogo mno kukifanyia ubahili.

Ratiba yangu ilisema sasa nipige vituo vya vidole shingoni, vile vijiti vya chuma vya kugawa noti. Nimefuta. Akonting, ala ya nyuzi ya Wajola wa Senegali na Gambia, haina vituo, na banjo za mwanzo za Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani hazikuwa navyo. Hata ule uzi mfupi wa banjo unaopigwa kwa dole gumba, akonting inao. Kwa hiyo ndugu yangu wa sokoni uliyeniuliza kama hili ni "gitaa la makauboi", jibu ndilo hilo. Béla Fleck, mpiga banjo wa Marekani, alikuja na banjo yake hapa Tanzania mwaka 2005 kufuata mizizi hiyo, akapiga pamoja na mwanamuziki wetu Anania Ngoliga. Ukisikia ilimba, ala ya vijiti vya chuma vya kupigwa kwa dole gumba, na banjo zinavyopokezana, huulizi tena mambo ya kauboi.

Na hapo ndipo nilipoharibikiwa. Banjo zile za zamani zilikuwa za kibuyu, si sufuria, nami sasa nataka ya kibuyu. Spoku zitashika wapi kwenye kibuyu bila kukipasua? Nimechora michoro minne, yote mibaya. Uzi wa tano wa banjo ya sufuria, ule mfupi, bado ni waya wa breki na unanichana kidole, lakini utasubiri. Kibuyu kimelowekwa kwenye ndoo tangu mchana.