Siku moja maishani mwangu: mimi, vijana wa atachi na katoni za glavu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko Likoni, nangoja feri. Sisi wa miguu hatutozwi nauli, tunalipa kwa kusukumana. Nikivuka napanda matatu ya Changamwe, na kabla ya saa moja na nusu nishafungua ofisi, mahamri na mbaazi mezani.

Niko idara ya manunuzi kwenye kampuni binafsi. Nikisema hivyo watu husugua vidole na kucheka: "Huko hukosi, wewe!" Wakisikia tena kwamba ndimi ninayesimamia wanafunzi wa atachi, wale wanaoletwa na vyuo kujifunza kazi, wanaona nimebarikiwa: watoto wa watu wananichemshia chai na kunitolea fotokopi. Basi nifuateni Jumanne moja tu.

Saa mbili vijana washaingia, watano msimu huu. Maombi huja kutoka TUM, chuo kikuu cha ufundi kule Tudor, kutoka politekniki ya Kisauni, na hata vyuo vya bara ambako mtu ana shangazi Mombasa wa kumlaza. Kila faili lazima liwe na barua ya chuo, bima na nakala ya kitambulisho. Bila bima simpeleki mtu stoo, hata mamake anipigie simu usiku. Na hupiga. Mshahara hawana. Nauli na chakula cha mchana nilivipigania mimi, na bado kila bajeti ikija naulizwa kama kweli vinahitajika.

Saa tatu nawapa kotesheni, yaani bei walizotuandikia wauzaji, wazichambue. Leo ni rangi ya kupaka ghala. Muuzaji wa kwanza kaandika 116,000, wa pili 104,000. Kijana wa Mariakani hajakaa vizuri kitini keshamchagua wa pili. Nikamwambia asome chini kabisa, kwenye yale maandishi madogo. Ya kwanza imejumuisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani; ya pili haijajumuisha. Ongeza asilimia 16 uone: 120,640. Alipiga hesabu kwenye simu, akarudia, kisha akaanza kutafuta maandishi madogo hata kwenye karatasi ambazo hazina. Hapo ndipo moyo wangu hufurahi, siwafichi.

Chuoni hukaririshwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, na ni vizuri, lakini sisi si serikali, tuna sera yetu. Kinachotufunga sote ni KRA, mamlaka ya kodi. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki, haikubaliki kwenye hesabu za kodi, kwa hiyo nusu ya asubuhi huishia kuwarudishia watu ankara zao.

Saa tano na kitu, simu kutoka stoo. Nani alijua kwamba nitakaa huko hadi alasiri!

Tuliagiza glavu za ngozi, jozi 240. LPO, hati yetu ya kuagiza, inasema katoni 20, kila moja jozi 12. Lori limefika, dereva kashusha katoni 20, ana haraka, anataka saini kwenye dilivari, ile hati inayokuja na mzigo, aondoke. Zamu ya kupokea ilikuwa ya binti mmoja wa Kwale, mpole, hata salamu huitoa kwa sauti ya chini. Yeye akachukua kisu akapasua katoni moja. Jozi 10. Akapasua ya pili. 10. Dereva akaanza kupiga kelele: "Katoni ishirini hizo hapo, huoni? Wewe si atachi tu?" Binti akaikumbatia ile dilivari kifuani, akakataa kutia saini.

Nikafika, tukafungua zote. Joto la lile ghala la mabati mchana Mombasa mtu wa ofisini halijui. Tulikuwa kama tumo ndani ya sufuria iliyofunikwa. Jozi 200. Nikasema tupokee 200, tuandike upungufu kwenye dilivari, dereva atie saini nami nitie. Dereva hataki, anampigia bosi wake. Bosi naye hataki, anakuja mwenyewe. Tukangoja. Katikati ya kungoja akatokea mhadhiri wa kukagua wanafunzi, hakutangulia kupiga simu, na logbuku, daftari wanamoandika kazi za kila siku, ziko juu ofisini.

Bosi alipofika alinianza kwa upole: "Dada yangu, tumejuana siku nyingi. Saini 240, hizo 40 nitaleta Ijumaa."

"Mzee, heshima yako iko palepale. Lakini nikisaini 240, ankara itakuja ya 240, na wahasibu watalipa 240. Ijumaa nitakushika na nini?"

Akanigeukia mgongo, akamfuata binti. "Mwanangu, kazi nzuri. Hii ya soda." Noti ya elfu moja, imekunjwa ndogo. Binti akarudisha mikono nyuma, akanitazama mimi. Wote tukanyamaza, hata wapakizi. Nikamwambia mzee airudishe mfukoni kabla sijaiandika kwenye dilivari nayo. Ikarudi. Saini ikapatikana: 200, upungufu 40.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Wali ulishapoa, miguu imevimba, mhadhiri kanuna kwa kungojeshwa, na mkuu wa idara anauliza ripoti ya rangi iko wapi. Nikawakalisha vijana, nikawaonyesha tena zile karatasi tatu zinazopaswa kukubaliana kabla pesa haijatoka: LPO, hati ya stoo ya kupokea mzigo, na ankara. Wawili walikuwa wanasinzia. Sikuwagombeza, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeegemea kabati.

Logbuku nilizisahihisha kwenye foleni ya feri jioni, kalamu inaruka kila nikigongwa. Binti wa Kwale alikuwa ameandika mstari mmoja tu: "Nilihesabu glavu." Nikamrudishia aandike upya, aeleze alichokataa na kwa nini, maana chuo kinampa alama kwa maandishi hayo.

Nimefika nyumbani, nafungua barua pepe, na mzee keshatuma ankara. Ya eTIMS, safi kabisa, haina kasoro. Jozi 240. Nikamtumia binti: "Hii ni yako kesho asubuhi." Akajibu papo hapo: "Sawa madam. Airekebishe jumla tu, au na VAT pia?"